"Kazi ya mikono" isiwe kichaka cha kujifichia

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Si unajua tena mambo ya test, presentesheni za kikundi ambazo kikundi chenyewe ni wewe na mwenzako mmoja, na foleni za kutoa kopi. Leo siongelei boom wala chakula cha kafeteria. Leo naongelea kete za chesi za mbao. Usikimbie kwanza! Hata kama hujui farasi anarukaje, subiri, maana jambo hili linamhusu mtu yeyote aliyewahi kununua kitanda, meza au viatu vya kushonwa, akalalamika, akajibiwa "hiyo ndiyo kazi ya mikono braza, haiwezi kufanana."

Swali lenyewe ni dogo. Ukinunua kitu kipya cha mbao kilichopita kwenye mikono ya mtu, una haki ya kudai nini? Mpaka wapi ni utofauti wa kawaida, na kuanzia wapi ni kasoro?

Kisa kilianza hivi. Sisi tunaocheza jioni kule vimbwetani tulikuwa na seti ya plastiki tangu mwaka wa kwanza. Imetumika mpaka imechoka. Farasi mmoja alipotea siku ya mvua, nafasi yake ikachukuliwa na kizibo cha soda. Malkia mweusi alikatika taji, mgeni akija anadhani ni askofu. Basi tukasema yatosha, tununue ya mbao. Tukachangishana watu 12, kila mtu 15,000, ikapatikana 180,000. Wewe unayeishi kwa boom unajua 15,000 ni nini. Kuna jamaa mmoja alilipa kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho lilikuwa sarafu tupu.

Tukamtuma mwenzetu mmoja anayeaminika, humu nitamwita Mhazini, akaenda duka moja mjini (jina kapuni). Akarudi na boksi la maana. Ndani kuna ubao na kete 34, yaani 32 za kuchezea na malkia wawili wa akiba, kwa ajili ya pale kitunda (wengine mnamwita askari) kinapofika mwisho wa ubao. Boksi limeandikwa zimetengenezwa India. Furaha ikadumu kama nusu saa.

"Mbona hii ngome inacheza?" akauliza mmoja. Hapo ndipo kila mtu akageuka mkaguzi. Mpaka giza linaingia tulikuwa na malalamiko yafuatayo:

- Ngome moja nyeupe inayumba ukiigusa, kama meza ya mgahawa.
- Kitunda cheusi kimoja ukikitikisa kinalia ndani, ko ko ko.
- Farasi mweusi mmoja sikio lilivunjika likarudishiwa kwa gundi, na gundi inaonekana.
- Mfalme mweusi ana ufa mwembamba kama unywele, unaanzia chini kwenye kitako.
- Maaskofu weupe, mkato wa kichwani kwa mmoja una kina kuliko wa mwenzake.
- Farasi wanne wana nyuso nne. Mmoja amenuna kabisa.
- Vitunda vyeupe havina rangi moja. Vingine njano kama siagi, vingine vyeupe zaidi.

Shika hiyo orodha, tutairudia.

Tukagawanyika makundi matatu. La kwanza: rudisha seti yote, hela yetu irudi. La pili: acheni ushamba, hii ni mbao, siyo plastiki ya kiwandani. La tatu ndilo lililoniuma. Hao hawakusema kitu, walikuwa wanamwangalia Mhazini. Kesho yake maneno yakaanza kutembea kwamba amekula cha juu, kwamba seti hiyo haifiki hata laki. Jamaa ana risiti mkononi na bado anasemwa. Siku mbili hakuja kucheza.

Sasa tumtendee haki. Mhazini alitumwa akalete "seti nzuri". Nzuri kwa kipimo gani? Kwa mmoja nzuri ni nzito mkononi, kwa mwingine ni inayong'aa, kwa wa tatu ni inayofanana na zile anazoziona kwenye mashindano ya dunia. Kipimo kikiwa hakijasemwa, kila mtu anapima kwa cha kwake, halafu anayehukumiwa ni mtu badala ya bidhaa. Huo ndio hatari yake.

Nikaamua kuchimba kidogo. Umbo hili la kete tunaloliona kila mahali linaitwa Staunton. Lilisajiliwa Uingereza mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, likauzwa na kampuni ya Jaques ya London, likapewa jina la Howard Staunton, mchezaji maarufu wa enzi hizo. Siku hizi seti nyingi za mbao zinatoka India, na mji unaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Amritsar, kule Punjab. Inapendeza ukifikiria, maana mchezo wenyewe ulitoka huko huko India ukiitwa chaturanga, ukapita kwa Waajemi na Waarabu, ndiyo sisi tukapata neno sataranji.

Ukijua kete inavyotengenezwa, nusu ya ugomvi inaisha. Kitunda, askofu, malkia, mfalme na ngome vyote vinaanzia kwenye kerezo. Mbao inazungushwa, fundi anaigusa kwa patasi, umbo la mviringo linatoka. Baadaye wanakata meno ya ngome, mkato wa askofu na taji la malkia. Farasi ni habari nyingine. Kitako chake kinakerezwa, lakini kichwa kinachongwa kwa mkono, mdomo, macho, masikio, manyoya ya shingoni, kimoja kimoja. Ndiyo maana ukitaka kujua seti ni ya bei gani unaangalia farasi kwanza.

Maana yake ni kwamba matarajio hayawezi kuwa sawa kwa kete zote. Vitunda vinane vimetoka kwenye kerezo, vinatakiwa vilingane urefu na unene. Farasi wanne wamechongwa, na kutaka nyuso zao zilingane ni kama kutaka miandiko minne ya watu wanne ilingane.

Halafu kuna uzito. Seti nzuri inatobolewa chini, kinawekwa kipande cha chuma au risasi, kinafunikwa kwa gundi, mwisho kinabandikwa kitambaa laini. Uzito huo ndio unaofanya kete isianguke ovyo. Kama inalia ndani, uzito umeachia. Hapo hakuna cha uasili wa mbao. Kazi haikumaliziwa.

Usione ni jambo dogo. Kwa kanuni za FIDE, ikiwa ni zamu yako na umeigusa kete yako kwa makusudi, lazima uicheze. Ukitaka kuiweka sawa tu, unatangaza kwanza. Na ukiangusha kete, unazirudisha kwa muda wako mwenyewe, saa yako ikitembea. Sasa cheza gemu ya dakika tano na ngome inayoyumba. Utatangaza "narekebisha" mpaka mpinzani akudhanie wakala wa daladala.

Jumamosi nikachukua zile kete zenye maneno, nikamwomba Mhazini twende wote, tukateremka mpaka Mwenge kwa wachonga vinyago. Kuna mzee mmoja pale tunamfahamu, amechonga tangu sisi hatujazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Leo mmeniletea kazi au maneno?"

"Maneno, mzee. Tunataka utuambie kama tumeibiwa."

Akacheka. Hakuangalia uso wa kete hata moja. Alichofanya, alizisimamisha juu ya kioo cha kabati lake, akawa anagusa kila moja kichwani kwa kidole. Akazitikisa sikioni. Akazilaza akazizungusha. Kisha akazigawa mafungu mawili bila kusema neno. Fungu la kushoto: ngome inayoyumba, kitunda kinacholia, farasi wa sikio la gundi. Fungu la kulia: maaskofu, farasi aliyenuna, vitunda vya rangi mbalimbali. Mfalme akabaki naye mkononi.

"Hawa wa kulia hawana shida," akasema. "Rangi ni ya mti wenyewe, ubao mmoja tu unaweza kuwa na rangi mbili. Huyu askofu msumeno umeingia zaidi kidogo. Anacheza?"

"Anacheza."

"Basi. Hawa wa kushoto mrudishe."

Nikamuuliza kuhusu sikio, maana ndilo lililoleta kelele nyingi, na kundi la "acheni ushamba" walisema fundi yeyote anaweza kuvunja sikio. Mzee akanijibu kitu ambacho nimekaa nacho wiki nzima: "Kuvunja siyo kosa, mwanangu, hata mimi navunja. Ukiunga, mwambie mnunuzi umeunga, na bei uishushe. Kosa ni kuuza kilichoungwa kwa bei ya kizima."

Na mfalme? Hapo alituma somo zima. Mbao ikikauka inasinyaa, na inasinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kete ikikerezwa ikiwa mbichi, itatoka mviringo leo, baada ya miezi inakuwa yai. Na kama ndani kuna chuma, chuma hakisinyai. Mbao inajibana juu yake, mwishowe inapasuka kuanzia chini. Kwa hiyo ufa wa kwenye kitako unatia shaka kuliko mstari wa ubavuni, ambao mara nyingi ni nyuzi tu za mbao. Akachukua penseli, akaweka kistari kidogo pale ufa unapoishia. "Kaeni naye wiki mbili. Ukivuka hapa, mbao bado inatembea, mrudisheni. Usipovuka, ni kovu la zamani, chezeni naye."

Kabla hatujaondoka akatuonyesha na utapeli wa fani yake mwenyewe. Alikuwa na vinyago viwili vyeusi, akasema mmoja ni mpingo, mwingine ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Kwa macho siwezi kukudanganya, sikuona tofauti. Akavitumbukiza kwenye ndoo. Mpingo ukazama, mwenzake akaelea. Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji. Kuna seti nyingi ambazo kete nyeusi ni mbao ile ile nyeupe iliyotiwa rangi. Kutia rangi siyo dhambi. Dhambi ni kukuuzia kwa jina la mpingo.

Njiani kurudi Mhazini alikuwa anaongea tena. Mimi nilikuwa nawaza darasani. Sisi wa ualimu tunaambiwa kila siku, usisahihishe bila mwongozo wa alama. Ukikaa na karatasi 80 bila mwongozo, yule mwenye mwandiko mzuri atapata alama asizostahili, na mwenye mwandiko wa kuku atanyimwa zake, wakati jibu ni lile lile. Mwandiko mbaya siyo jibu baya. Na mwandiko mzuri haugeuzi jibu baya likawa zuri. Yule farasi aliyenuna ni mwandiko. Ngome inayoyumba ni jibu.

Ndiyo maana sikubaliani na makundi yote mawili yaliyopiga kelele. Waliotaka turudishe seti nzima kwa sababu vitunda vina rangi mbili walikuwa wanadai plastiki kutoka kwa mti. Na waliosema "kazi ya mikono" walikuwa wanachukua sentensi ya kweli wanafunika kitu cha uongo. Mikono inaeleza kwa nini farasi hawafanani. Haielezi kwa nini hakuna mtu aliyetikisa kitunda kabla ya kukifunga kwenye boksi. Huo ni ukaguzi, na ukaguzi ni dakika moja.

Kuna dada mmoja wa sheria anacheza nasi, akatuongezea jambo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu unachonunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kiwe na ubora wa kuuzika. Lakini kama ulikikagua kabla ya kununua, kigezo hicho hakikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ufa uliojitokeza baadaye na ngome iliyokuwa inayumba mbele ya macho yako siyo kesi moja. Kagua dukani, usikague hosteli.

Matokeo? Tulirudi dukani watu wanne, kwa adabu, na risiti. Hatukusema "seti mbaya". Tulisimamisha ngome juu ya kioo cha kaunta tukaigusa. Tukatikisa kitunda. Tukaonyesha gundi. Muuzaji alianza na ule wimbo wa kazi ya mikono, lakini ngome ilikuwa inayumba mbele ya wateja wengine wawili. Akafungua boksi jingine, akabadilisha zote tatu. Mfalme akakataa, akasema huo ni mstari wa mbao. Hatukubishana, tukarudi naye na kistari chake cha penseli.

Siku ya kumi na moja ufa ukavuka kistari. Tukamrudisha tena. Safari hii muuzaji alimgeuza geuza, akaangalia penseli, akatoa mfalme mwingine bila neno. Mfalme mpya ni mweusi zaidi kidogo kuliko malkia wake. Tumempokea. Anasimama imara, halii, hana ufa. Rangi ni mwandiko.

Kwa mtu anayetaka kununua, haya ndiyo tuliyobandika ukutani:

1. Hesabu kete zote kabla ya kulipa, pamoja na malkia wa akiba kama umeambiwa wapo.
2. Simamisha kila kete juu ya kioo, iguse kichwani. Ikiyumba, weka pembeni.
3. Tikisa kila kete sikioni. Ikilia, weka pembeni.
4. Panga vitunda vinane mstari mmoja, shusha macho usawa wa meza. Urefu uwe sawa.
5. Laza kete za mviringo uzizungushe. Ikidundadunda, siyo mviringo tena.
6. Angalia kitako kwanza, halafu ubavu. Ufa wa kitako ni wa kuogopa.
7. Angalia farasi masikioni na mdomoni. Tofauti ya sura ruksa, gundi hapana.
8. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kete nyeusi. Rangi ikitoka leo, kesho iko vidoleni mwako.
9. Weka vitunda vinne ndani ya mraba mmoja wa ubao. FIDE wanashauri mraba uwe angalau mara mbili ya kitako cha kitunda, na wanapendekeza mfalme awe kama sentimita 9.5 na mraba sentimita 5 hadi 6.
10. Weka ubao mezani, bonyeza pembe zake nne. Ubao uliopinda haunyooki kwa maombi.

Na bei nayo iseme. Seti ya bei ya chini, tegemea farasi wa kuchorwa haraka, rangi zisizolingana, vanishi yenye vumbi kidogo. Ukilipa zaidi, dai farasi wanaofanana kama ndugu na rangi zilizochambuliwa. Lakini kusimama, kutolia na kutopasuka siyo mambo ya bei. Hata ya bei ya chini inatakiwa isimame. Kete isiyosimama siyo kete ya bei rahisi, ni kipande cha mbao.

Wale wa "cha juu" wawili wamemfuata Mhazini wakamwomba radhi. Wa tatu bado anajifanya hakusema. Mhazini mwenyewe amekubali kwenda kununua saa ya chesi mwezi ujao, kwa sharti moja: tumwandikie kwenye karatasi tunataka nini, na wote 12 tuweke sahihi. Karatasi ipo kwangu, sahihi zimefika tisa. Ambaye hujasaini nitafute kabla ya Ijumaa, maana Jumatatu naingia kwenye mazoezi ya kufundisha na simu nitakuwa nashika kwa nadra.

Nawasilisha.